Dhahabu iliyohama shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fainali ya mita 50 chali wanaume, Budapest 2022

Mimi ni mshika saa. Jumamosi nyingi utanikuta ukingoni mwa bwawa kwenye gala za watoto, saa ya kubonyeza shingoni na suruali imelowa hadi magotini. Karibu kila gala kuna mzazi anayenifuata na simu, video imegandishwa, na swali ni lile lile: "Mwalimu, hebu nionyeshe, hapa kosa liko wapi?" Video yenyewe ni ya Budapest, fainali ambayo bingwa alishinda, akaenguliwa, kisha akarudishiwa ubingwa, yote jioni moja. Nimechoka kujibu nikiwa nimechuchumaa juu ya vigae vyenye maji, kwa hiyo nayaweka majibu hapa.

Ni mbio gani hasa hizo?

Fainali ya mita 50 kuogelea chali kwa wanaume, Mashindano ya Dunia, Juni 25, 2022, katika ukumbi wa Duna Aréna, ukingoni mwa mto Danube mjini Budapest, Hungaria. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuogelea bwawani. Mwaka huo zamu ilikuwa ya Fukuoka, Japani, lakini korona ikasogeza mambo hadi 2023. Budapest, ambayo ilishakuwa mwenyeji mwaka 2017 katika ukumbi huo huo, ikakubali kubeba mzigo kwa taarifa ya muda mfupi.

Nani alishinda?

Inategemea unauliza saa ngapi. Ubaoni, mara tu baada ya kugusa ukuta, ilikuwa hivi: Justin Ress wa Marekani wa kwanza kwa sekunde 24.12, Mmarekani mwenzake Hunter Armstrong wa pili kwa 24.14, kijana wa Poland Ksawery Masiuk wa tatu kwa 24.49, na Thomas Ceccon wa Italia wa nne. Matokeo hayo ndiyo yaliyomo vitabuni leo. Katikati hapo, kwa muda fulani, yalikuwa mengine kabisa.

Eleza basi, kilitokea nini?

Ress aligusa, akatazama ubao, akaona namba moja mbele ya jina lake, akashangilia. Muda si mrefu ubao ukabadilika: jina lake likashushwa chini kabisa, badala ya muda zikaandikwa herufi za kuenguliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wakati wa kumaliza mwili wake wote ulikuwa chini ya maji.

Wengine wakapandishwa nafasi moja moja. Armstrong akawa bingwa, Masiuk akapata fedha, Ceccon akaingia kwenye shaba. Wakapanda jukwaani na kuvishwa medali. Marekani wakakata rufaa, video zikatazamwa upya, na uamuzi ukatenguliwa. Ress akarudi kuwa bingwa wa dunia, Armstrong akarudi wa pili, Masiuk wa tatu, na medali zikahama shingo. Aliyerudi mikono mitupu ni Ceccon.

Kosa lenyewe ni nini? Mwogeleaji kuwa chini ya maji ni kosa tangu lini?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kanuni ya kuogelea chali wakati ule ilisema sehemu fulani ya mwili lazima iwe imejitokeza juu ya maji muda wote wa mbio. Sehemu yoyote. Uso, goti, kidole cha mguu. Ruhusa ya kuzama mwili mzima ilikuwepo mahali pawili: wakati wa kugeuka ukutani, na katika mita 15 za kwanza baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka. Kumaliza hakukutajwa kwenye ruhusa hizo. Maana yake ni kwamba ukijitupa kuelekea ukuta, ukazama wote kabla mkono haujagusa, umevunja kanuni, hata kama umezama kwa muda wa kufumba jicho.

Kuna kanuni nyingine ya kumaliza ambayo watu huichanganya na hii: lazima uguse ukuta ukiwa bado uko chali. Ukijigeuza ukalala kifudifudi, umekwisha. Mwili unaruhusiwa kuyumba upande, ila usifike nyuzi 90. Kichwa kinaweza kuelekea popote, hakihesabiwi. Ress hakutuhumiwa kwa hilo.

Kwa nini basi wazame? Si wangemaliza tu kawaida?

Lala chali sakafuni sasa hivi, nyoosha mkono mmoja nyuma ya kichwa, ujaribu kugusa ukuta ulio mbali kidogo tu kuliko mkono unavyofika. Utaona mwili unafanya nini bila kuambiwa. Kichwa kinarudi nyuma, kidevu kinaelekea juu, kifua kinainuka, mgongo unajipinda kama upinde. Sakafuni huna pa kwenda. Majini, kichwa kikirudi nyuma kwa nguvu kinaingia chini na mabega yanakifuata. Mwogeleaji wa kiwango cha dunia anaongeza hapo teke la mwisho, miguu yote miwili pamoja kama mkia wa pomboo, linalousukuma mwili mzima nyuma kuelekea ukuta.

Teke hilo ndilo linaloleta kesi. Likipigwa vizuri miguu inamalizia chini, nyonga zinafuata kichwa, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hakuna kilichobaki juu zaidi ya povu. Makocha hufundisha kumaliza hivyo kwa sababu kunalipa. Juu ya maji, mwishoni mwa mbio za watu wanane, kuna mawimbi na maji ya kurudi kutoka ukutani. Sentimita chache chini pametulia zaidi, na bamba la kugusa, lile la ukutani linalosimamisha saa, linapokea mkono huko chini vile vile.

Kwa hiyo mwogeleaji wa chali alikuwa anaambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja: jitupe kwa nguvu zako zote, lakini acha kidole kimoja juu. Mimi naona hiyo ilikuwa kanuni mbaya. Nia yake ilikuwa nzuri, ila ilimtaka mtu afanye kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukijua kama amekifanya. Uko chali, macho yana maji, unatafuta ukuta usiouona. Utajuaje kama kidole gumba cha mguu wa kushoto kimejitokeza?

Mwamuzi anaonaje?

Kwa shida. Nimesimama mahali hapo, kwenye bwawa dogo na watoto wa miaka kumi, na nakiri kwamba nikiangalia mkono unaogusa siioni miguu, na nikiangalia miguu sioni mkono. Budapest kulikuwa na kamera, zikiwemo za chini ya maji, lakini kamera nazo zina tabia zake. Ya chini ya maji inakuonyesha uso wa maji kama kioo kinachotikisika: mguu ukikaribia juu unaona mguu na kivuli chake vimegusana, na huwezi kuapa kama umetoboa au haujatoboa. Ya juu inakuonyesha povu.

Ndiyo maana nikiulizwa "je, alizama au hakuzama?" siwezi kujibu kwa kiapo. Waliokuwa na video zote mbele yao walikaa, wakatazama, wakaona kuenguliwa hakusimami. Na kwenye kuogelea kuna desturi tunayowafundisha hata waamuzi wanaoanza: shaka ni haki ya mwogeleaji. Kama hukuliona kosa waziwazi, usiinue mkono.

Rufaa inakwendaje?

Timu inaandika malalamiko na kuyapeleka kwa mwamuzi mkuu, ndani ya dakika 30 baada ya tukio, yakiwa na sahihi ya kiongozi wa timu na pesa ya dhamana. Wakishinda pesa inarudi. Mwamuzi mkuu akikataa, suala linaweza kwenda kwenye jopo la rufaa, na jopo likisema limesema. Mwogeleaji mwenyewe hatakiwi kusimama na kubishana na mtu ukingoni. Wazazi wa gala zetu, sehemu hii isomeni mara mbili.

Jambo kama hili limewahi kutokea kabla?

Limewahi, tena kwenye Olimpiki. Athens 2004, mita 200 chali, Aaron Peirsol wa Marekani alimaliza mbele ya wenzake kwa zaidi ya sekunde mbili. Kwa umbali huo hata asiyejua kuogelea alikuwa anajua bingwa ni nani. Ubao ukatangaza ameenguliwa kwa kosa la kugeuka, na kwa muda Markus Rogan wa Austria akawa bingwa wa Olimpiki.

Uamuzi ukatenguliwa baada ya nusu saa hivi, na sababu yake ndiyo ninayoipenda: karatasi ya mwamuzi haikuwa imejazwa inavyotakiwa. Maelezo ya kosa hayakutosha, wala hayakuandikwa katika lugha ya kazi ya shirikisho. Peirsol akarudishiwa dhahabu yake, Rogan akabaki na fedha. Nawaambia wasimamizi wetu wapya kila mara: ukiona kosa, andika umeona nini, mguu gani, njia namba ngapi, kwa mwandiko unaosomeka. Kesi ya Athens ilifia kwenye karatasi.

Tofauti ya 24.12 na 24.14 ni kitu gani machoni?

Piga hesabu mwenyewe. Mita 50 kwa sekunde 24.12 ni wastani wa zaidi kidogo ya mita mbili kwa sekunde. Katika sehemu mbili za mia za sekunde mtu wa kasi hiyo anakwenda sentimita nne tu, kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Sasa rudi kwenye lile teke la mwisho na kule kujitupa. Aliyejitupa vizuri zaidi amepata vidole viwili, na vidole viwili vilikuwa medali ya dhahabu.

Hunter Armstrong alikuwa nani, mpaka watu wamuonee huruma?

Simuonei huruma sana, yuko vizuri. Lakini ni kweli ilikuwa jioni ngumu kwake. Alifika Budapest akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 50 chali, 23.71, aliyoiweka mwezi Aprili mwaka huo huo kwenye mchujo wa timu ya Marekani mjini Greensboro. Siku chache kabla ya fainali hii alipata shaba ya mita 100 chali kwa 51.98, sehemu moja ya mia nyuma ya Ryan Murphy. Kisha akawa bingwa wa mita 50 kwa kuenguliwa mwenzake wa timu moja, na baadaye akaacha kuwa bingwa kwa rufaa ya nchi yake mwenyewe. Sijui kama kuna namna nzuri ya kuvaa medali ya hivyo.

Mwaka uliofuata, Fukuoka 2023, walikutana tena fainali ya umbali ule ule. Armstrong akashinda kwa 24.05, Ress akawa wa pili kwa 24.24, na Xu Jiayu wa China wa tatu. Safari hiyo hakuna aliyekata rufaa.

Na Ceccon je?

Usimlilie naye. Juni 20, siku tano kabla, alishinda mita 100 chali kwa 51.60 na kuvunja rekodi ya dunia ya Ryan Murphy, 51.85, iliyodumu tangu Rio 2016. Na jioni ile ile aliyopoteza shaba ya mita 50, Italia ilishinda mbio za kupokezana mita 100 mara nne za mitindo mchanganyiko, mbele ya Marekani, na aliyeanza kwa chali ni yeye. Alipoteza shaba, akalala na dhahabu. Miaka miwili baadaye, Paris 2024, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 100 chali kwa sekunde 52.00 kamili.

Masiuk pia msimsahau. Alikuwa na miaka 17. Usiku mmoja alikuwa wa tatu, wa pili, halafu wa tatu tena.

Sheria ikoje leo?

Imebadilishwa. Shirikisho la dunia, ambalo mwishoni mwa 2022 liliacha jina la FINA na kuitwa World Aquatics, liliandika kanuni upya mwaka 2023. Sasa kichwa cha mwogeleaji kikishapita alama ya mita 5 kabla ya ukuta wa kumalizia, anaruhusiwa kuzama mwili mzima. Kule kujitupa ambako Ress alikaribia kunyang'anywa ubingwa kwa ajili yake sasa ni halali kabisa.

Mtu akikuonyesha video ya mwaka huu ya mtu aliyezama wakati wa kumaliza, angalia kwanza kichwa chake kilikuwa wapi alipozama. Kabla ya mita 5, ni kosa. Baada ya hapo, hana deni na mtu. Ila bado lazima aguse akiwa chali.

Angalizo moja: si kila gala inatumia kanuni za karibuni. Nimeshakutana na kitabu cha kanuni kilichochapwa zamani kimewekwa mezani kama msahafu. Ulizeni kabla ya mbio, msiulize baada.

Kwa nini mita 15? Nani aliamua?

David Berkoff alisababisha. Huyu Mmarekani aligundua, au tuseme alikubali kuliko wengine, kwamba chini ya maji kwa mateke ya pomboo ni haraka kuliko juu kwa mikono. Olimpiki ya Seoul 1988, mita 100 chali, alikuwa anakaa chini kwa kiasi cha mita 35, watazamaji wameshika roho, halafu anatokea mbele ya wote. Kwenye mchujo aliweka rekodi ya dunia, 54.51. Fainali akashindwa na Daichi Suzuki wa Japani, ambaye naye alizama sana: 55.05 kwa 55.18.

Baada ya Seoul shirikisho likaona kuogelea chali kunageuka kuwa kupiga mbizi. Likaweka mpaka wa mita 10, na baadaye ukaongezwa hadi 15, ndio tulionao. Kwenye kamba za njia utaona boya la rangi tofauti mahali pa mita 15. Kichwa kikiwa bado chini hapo, mkono wa mwamuzi unakwenda juu.

Mbona wanaanzia majini na si juu ya kibao kama wengine?

Kwa sababu lazima waondoke wakiwa chali. Filimbi ndefu ya kwanza wanaruka majini, ya pili wanarudi ukutani, wanashika vishikio, wanajivuta, na mlio ukilia wanajirusha nyuma. Siku hizi kuna kipande kinachoning'inizwa kwa mikanda kwenye bamba, mwogeleaji anaweka nyayo juu yake asiteleze. Kiliingia mashindano makubwa tangu mwaka 2014. Kabla yake kuteleza kulikuwa jambo la kawaida, na mtu akiteleza kwenye mita 50 anaweza kwenda kuoga tu, mbio zimekwisha. Walau kidole kimoja cha kila mguu lazima kiwe kimegusa ukuta au bamba.

Wanajuaje ukuta umefika kama hawauoni?

Bendera. Mita 5 kabla ya kila ukuta kuna kamba imepita juu ya bwawa yenye bendera ndogo, mita 1.8 kutoka usoni mwa maji. Mwogeleaji akiziona juu ya uso wake anaanza kuhesabu mikono. Kila mmoja ana hesabu yake, aliyoitafuta mazoezini kwa kugonga vidole, na hesabu ya mwenye miaka tisa si ya Armstrong. Hesabu ikizidi kwa mkono mmoja, mkono unagonga ukuta ukiwa umekunjwa na kasi inakufa. Ikipungua, ndiyo unajitupa kutoka mbali na kuzama.

Rekodi ya mita 50 chali ni ya nani sasa?

Ya Kliment Kolesnikov wa Urusi, 23.55, aliyoiweka Kazan mwezi Julai 2023. Alikuwa mshika rekodi kabla ya Armstrong pia. Budapest 2022 hakuwepo, kwa kuwa Urusi na Belarus zilizuiwa kushiriki baada ya uvamizi wa Ukraine. Watu wengine husema ubingwa wa Ress una walakini kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani. Unaogelea na waliopo.

Kwenye Olimpiki mita 50 chali ipo?

Mpaka Paris haikuwepo. Olimpiki zilikuwa na mita 50 ya mtindo huru peke yake. Itaanza Los Angeles 2028, pamoja na mita 50 za chura na kipepeo, wanaume na wanawake. Kwenye Mashindano ya Dunia ipo tangu 2001. Na kwenye bwawa la mita 50 hakuna kugeuka: unaanza, unazama, unaibuka, unamaliza. Kosa la mwanzo au la mwisho halina pa kufidiwa.

Mwafrika amewahi kushinda mbio hizi?

Ndiyo, na nashangaa hatulisemi zaidi. Gerhard Zandberg wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa mita 50 chali Melbourne 2007. Zane Waddell, wa huko huko, alishinda Gwangju 2019 kwa 24.43, akiwaacha nyuma Warusi wawili, Evgeny Rylov na Kolesnikov. Maana yake ubingwa ambao Ress na Armstrong waligombea Budapest ulitoka mkononi mwa Mwafrika, aliyekuwa ameshastaafu. Na Singapore 2025, Pieter Coetzé, naye wa Afrika Kusini, alichukua mita 100 chali kwa 51.85, mbele ya Ceccon aliyetumia 51.90. Kwa wanawake kuna Kirsty Coventry wa Zimbabwe, dhahabu ya Olimpiki ya mita 200 chali mwaka 2004 na 2008, ambaye sasa ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Mwanangu anaogopa kumaliza chali, anapunguza mwendo mita tano nzima. Nifanye nini?

Uliza kwanza kama bwawa lina bendera. Mengi ya mita 25 tunayotumia hayana, na mtoto aliyewahi kugonga kisogo ukutani mara moja ana haki ya kuogopa. Mwaka fulani kwenye gala moja bendera hazikuletwa. Tulichukua kamba ya kuanikia nguo, mama mmoja akatoa kanga kuukuu, tukaichana vipande, tukafunga kila baada ya hatua moja. Tulipima mita 5 kwa futi ya fundi. Upepo ulikuwa unazikunja vipande vingine juu ya kamba, ikabidi kijana mmoja asimame pale na ufagio kuziteremsha kati ya mbio na mbio, lakini hakuna mtoto aliyegonga kichwa siku hiyo.

Bendera zikishakuwepo, mpeleke siku isiyo na watu. Aanzie katikati ya bwawa, aogelee chali polepole, akiona bendera ahesabu kwa sauti mpaka mkono uguse. Arudie mara kumi. Akipata namba ile ile mara nane kati ya kumi, hiyo ndiyo namba yake. Kisha aongeze kasi, ahesabu upya, kwa sababu namba itapungua. Kujitupa na kuzama aachane nako kwa sasa, hata kama ameona kwenye simu yako.